Kichwa Kilichosukwa Nusu

Niliwahi kuishi na nusu kichwa, na wala sisemi kwa mafumbo. Upande wa kulia nilikuwa nimesukwa mistari myembamba ya kurudi nyuma, imenyooka utadhani imepigwa rula. Upande wa kushoto nywele zimesimama, kila unywele na lake. Aliyenitenda hivyo ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu, msusi ambaye mtaa mzima unamwita Vidole.

Siku hiyo nilikuwa kwenye kigoda chake, mgongo kwake kama kawaida, redio inaongea pembeni. Ikatangazwa kwamba korona imeingia, saluni zifungwe, watu wakae mbalimbali. Mikono yake ikasimama kichwani mwangu. Nikadhani amekutana na fundo, kumbe amesimama kweli.

"Wifi, nenda nyumbani," akasema.

"Na hiki kichwa?"

"Tutamalizia mambo yakitulia."

"Yatulie lini? Mimi kesho niko kazini!"

"Vaa kitambaa."

Ndivyo nilivyotolewa nje, komeo likalia nyuma yangu.

Sasa, Vidole ana sheria moja kazini: kichwa alichokianza yeye hakimaliziwi na mkono mwingine. Ukikimbilia kwa msusi mwingine kwa sababu una haraka ya harusi, harusi njema, lakini kwake usirudi. Ningeweza kufumua, hilo halikatazwi. Lakini mimi ni mbishi, waulizeni ndugu zangu. Nilijiambia kwamba nikifumua nitakuwa nimekubali kuwa hatamalizia, basi nikafunga kitambaa na maisha yakaendelea.

Vidole alijifunza kusuka utotoni, kwa nyuzi za gunia alizozifunga kwenye msumari ukutani. Mama yake alipoutoa msumari, akahamia kwenye pindo la pazia. Alipoolewa kwetu nilimpokea kama mawifi wanavyopokea: nilimkagua kuanzia visigino kwenda juu. Sikuona kasoro, nikaudhika. Siku moja akaniambia nikae chini anisuke, na tangu hapo anayetaka kumsema vibaya wifi yangu apitie kwangu kwanza.

Anasukia chumba cha mbele, chenye mlango wake peke yake, kioo kilichopasuka kona moja, kapu la vitana, na dirisha la nondo, la chini chini, linalotazama uchochoro. Kabla hajagusa nywele zako, hugonga utosi wako kwa kifundo cha kidole, taratibu, na kusema, "Hodi." Mpaka uitikie "Karibu" ndipo anaanza. Watoto hucheka. Watu wazima hujifanya hawayapendi mambo hayo, lakini sijasikia aliyekataa kuitikia. Kisha mtu anaanza kuongea. Sijui ni kwa sababu humwoni usoni, au ni ile mikono. Wanawake wameuambia ukuta wa chumba kile mambo ambayo hata mama zao wazazi hawayajui. Mtaa huu ungejua anachokijua Vidole, nusu ya ndoa zingevunjika na nusu iliyobaki ingeombana radhi.

Mimi nauza kwenye duka la dawa, kwa hiyo sisi hatukufunga. Kutoka nyuma ya kaunta niliona watu wakibadilika. Majirani waliokuwa wakikumbatiana mpaka mbavu zinalia walianza kusalimiana kwa viatu. Mtu akipiga chafya, foleni inajipanga upya yenyewe. Mzee mmoja aliyezoea kusema kwamba dawa zote ni ulaghai alikuja kuuliza kama spiriti inauzwa kwa ndoo. Tulicheka, maana tungefanyaje? Lakini waliongezeka pia walioulizia dawa za usingizi, kwa sauti ya chini, wakitazama pembeni. Wengine vijana kabisa, kazi zimesimama, nyumba zimewabana. Hao hawakunichekesha hata kidogo.

Halafu Mwalimu akaugua. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane mwenye miwani mizito, mteja wa Vidole wa Jumamosi kwa miaka. Zamani kila akisukwa, mkono wa miwani ulikuwa unamkandamizia msuko juu ya sikio na kumuumiza. Basi Vidole akamtungia mtindo wake peke yake: mistari yote inarudi nyuma, ila juu ya kila sikio anaacha kinjia kitupu, mkono wa miwani upite bila kugusa msuko. Wenyewe walikiita njia ya miwani. Jumamosi ya mwisho kabla ya lile tangazo, Mwalimu alisukwa, na siku hiyo Vidole alikuwa na mafua. Haukupita muda Mwalimu akalazwa, na hospitali hakutoka mzima.

Mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme na hana mazoea ya kupiga simu bila sababu, akanipigia.

"Dada, njoo uzungumze na wifi yako. Anaosha sukari."

"Anaosha nini?"

"Pakiti ya sukari. Kaisugua kwa sabuni mpaka ikatoboka, sasa tuna sharubati ya sabuni. Mimi kanihamishia sebuleni, nikirudi kazini navulia nguo nje kama mwendawazimu. Hayo nayavumilia. Lakini haongei, Dada. Anakaa anaitazama mikono yake, basi."

Nilikwenda jioni ileile. Mlango hakufungua. Alisimama katikati ya chumba, mbali na dirisha, nami nilipoiona mikono ile roho iliniuma. Sabuni ilikuwa imeipasua, ngozi imekuwa magamba, vifundo vimevimba.

"Usisogee, wifi," akasema.

"Najua nashinda na wanaokohoa, lakini nimevaa barakoa."

"Simaanishi hivyo. Nakuogopea wewe." Akainua viganja vyake nivione. "Hii ndiyo iliyomsuka Mwalimu. Nilikuwa na mafua, nikamshika kichwa kutwa nzima. Nimemuua kwa mikono yangu."

Nikamjibu kama mtu wa duka la dawa. Nikamwambia mafua yako ya aina nyingi, kwamba yeye hakupimwa, kwamba Mwalimu alikwenda sokoni na benki na kila mahali, hakuna anayejua alikoutoa ugonjwa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomwingia. Akavuta pazia.

Nilirudi kwangu nalia kwa hasira. Niliukasirikia ugonjwa, nikaikasirikia redio, nikamkasirikia hata marehemu kwa kufa bila kutuaga. Njiani kitambaa kikalegea. Nikainua mkono nikifunge, vidole vikagusa ile nusu iliyosukwa, na hapo nikang'amua kosa langu. Nilimsemesha uso kwa uso! Vidole hajazoea nyuso. Maisha yake yote anaongea na visogo.

Kesho yake nilitoka kazini na kigoda kwapani. Nikakiweka uchochoroni chini ya dirisha lake, nikakaa, nikauegemeza mgongo kwenye nondo, kitambaa nikakiweka mapajani. Nusu kichwa hadharani. Kinyozi wa jirani, naye kazi imesimama, akanipigia kelele kutoka ng'ambo, "Dada wa dawa, upande wa pili umeenda wapi?"

"Umeenda kukutafutia adabu," nikamwambia.

Nikaanza kusimulia: mzee wa ndoo ya spiriti, foleni inayokimbia chafya, bosi wangu anayenyunyizia dawa hata kalamu. Hakujibu, nikaondoka. Siku iliyofuata nikarudi, na iliyofuata tena. Mdogo wangu alikuwa akipita ananiangalia na kutikisa kichwa, hajui ni yupi kati yetu anayehitaji matibabu.

Jioni moja nikasikia pete za pazia zinasogea.

"Upande wa kulia umefumka," sauti ikasema.

"Umechoka kungoja."

"Unaonekana kituko, wifi."

"Najijua. Aliyenifanya kituko yuko nyuma yangu."

Akacheka. Kicheko kifupi, kimekauka kwa kukosa matumizi, lakini kilikuwa chake. Kisha akaanza kuongea, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akaniambia kuhusu usingizi unaomkimbia, kifua kinachombana akisikia mtu anakohoa nje, na jinsi anavyofunga bomba na hapohapo kulifungua tena kwa sababu anahisi mikono haijatakata. Mimi mwenye mdomo huu sikusema neno. Nilikaa tu nimempa kisogo, nikaitikia "mh" pale inapobidi, kama yeye alivyotufanyia sisi wote kwa miaka. Alipomaliza nikamwachia dirishani namba ya mshauri wa hospitali aliyekuwa akizungumza na watu kwa simu. Mdogo wangu akaniambia baadaye kwamba alipiga, na akapiga tena.

Kutoka kazini nikamletea glavu na spiriti. Sikusema za nini, nikaziweka kwenye kizingiti cha dirisha na kukaa zangu. Zilipita jioni kadhaa hivi. Kisha siku moja nikasikia mpira wa glavu unavutwa, na vidole vikapenya kwenye nondo. Vikashika nywele za kushoto. Glavu zikanasa, zikavuta.

"Uwii! Unasuka au unapalilia?"

Mikono ikatoweka. Nikajilaani, nikajua nimeharibu kila kitu kwa mdomo wangu huu usio na komeo. Nikangoja. Nikasikia glavu zinavuliwa, moja, halafu nyingine. Harufu ya spiriti ikanifikia. Kisha kwenye utosi wangu kikagonga kifundo cha kidole kilichokwaruza kwa ukavu, taratibu sana.

"Hodi," akasema.

Machozi yakaingia kwenye barakoa.

"Karibu, wifi. Karibu ndani."

Akamalizia. Viwiko havikupita vizuri kwenye nondo, kwa hiyo mistari ya kushoto ilipinda kama njia ya mlevi. Sijawahi kujiona nimependeza vile. Nilitembea na kichwa wazi mpaka kazini, na kila aliyeniuliza nilimweleza dirisha lilipo.

Watu wakaanza kuja. Mdogo wangu akaunganisha taa nje, juu ya dirisha, kinyozi akatoa benchi lake, na wateja wakawa wanakaa uchochoroni kwa zamu, barakoa usoni, mgongo kwenye nondo. Mikono ya Vidole ikapona ngozi. Hata baada ya saluni kuruhusiwa kufunguliwa, wenzake wakiwa wameshafagia na kupaka rangi, yeye aliendelea dirishani. Mlango hakuugusa. Nilimuuliza mara moja tu. Akaniambia, "Nje upepo unapita, wifi. Humu ndani ndimo alimokaa." Sikuuliza tena.

Ndipo alipokuja binti wa Mwalimu. Mimi nilikuwa kwenye benchi, nasubiri zamu. Vidole alimwona kabla yangu, pazia likafungwa hapohapo. Yule dada akasimama mbele ya dirisha, mkoba kaubana kifuani.

"Nimekuja kusukwa," akasema.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba, "Nilikuwa na mafua siku ile."

"Najua. Mama aliniambia kwenye simu. Jirani yake naye alikuwa anakohoa. Na mimi pia nilikuwa nakohoa, na nilimpelekea chakula. Nimechoka kutafuta ni nani kati yetu."

Akasogea akaishika nondo.

"Sikiliza nikwambie kilichonileta. Hospitali hawakuturuhusu kusogea. Nilisimama mlangoni, amefunikwa mwili mzima, mtu mmoja akafunua kidogo tu upande wa kichwa, niseme ni yeye au siye. Uso sikuuona. Niliona njia ya miwani." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Nikajua ni mama. Wengine waliondoka pale hawana hakika wanamzika nani. Mimi ninayo hakika, kwa sababu yako. Nisuke kama yeye."

"Wewe huvai miwani," sauti ikasema.

"Sivai. Nisuke vilevile."

Nilikuwa naliangalia pazia, nangoja lisogee. Halikusogea. Badala yake nikasikia komeo. Lilikuwa limeshika kutu, likalia kwa nguvu, likagoma, likapigwa kiganja, likakubali. Mlango ukafunguka, na wifi yangu akasimama kizingitini kwa mara ya kwanza tangu aliponifukuza na nusu kichwa. Alitazama chini. Yule dada akapita, akakaa kwenye kigoda kilekile, akamgeuzia mgongo.

Nikakimbilia dirishani, nikavuta pazia mwenyewe. Vidole alikuwa ameinua mkono. Akagonga.

"Hodi."

Mabega ya binti wa Mwalimu yalikuwa yanatetemeka, jibu halitoki. Mkono wa wifi yangu ukabaki hewani. Mnajua sheria zake, asipokaribishwa haanzi. Nikashindwa kuvumilia.

"Karibu!" nikapiga kelele kupitia nondo.

"Sijakugongea wewe!" wifi akafoka.

Yule dada akacheka katikati ya kilio, akavuta pumzi, akasema, "Karibu." Na vidole vikaanza, juu ya sikio la kushoto.

Mimi nikabaki uchochoroni na zamu yangu iliyorukwa. Wifi mzima, mke wa mdogo wangu wa kuzaliwa naye, kanisuka dirishani muda wote huo, halafu anayekuja leo anafunguliwa mlango! Nikalisema kwa sauti ili mtaa mzima usikie.

"Mlango uko wazi," akajibu bila kugeuka. "Ingia, na kigoda chako ulete."