Mikono Iliyotulia

Kazi yangu, tiba kwa vitendo, haianzi na dawa. Huanza na swali: tangu unapoamka hadi unapolala, unafanya nini? Jibu ndilo linalotuonyesha maradhi yamemnyang'anya mtu tendo gani, nasi tunajitahidi kumrudishia tendo hilohilo: kufunga vifungo, kushika kijiko, kupalilia akiwa na mguu mmoja. Nimeifanya kazi hii Shinyanga kwa miaka mingi, na swali hilo nimewahi kuliacha.

Alikuja mama mmoja kutoka upande wa Kharumwa, na mtoto wa miezi minane mgongoni. Mikono ya mama ilitetemeka hata uji ukamwagika kabla haujafika kinywani mwa mtoto. Katika fomu, mahali pa shughuli za siku, nilijaza mwenyewe bila kumwuliza: kuchota maji, kupika, kufua. Alikuwa mwanamke wa kijijini, nilidhani namjua.

Alifikia kwa dada yake mjini, akawa anakuja kila asubuhi kwa wiki sita. Nilimfundisha kubana viwiko mbavuni na kumimina maji kutoka kikombe hadi kikombe. Kipini cha kijiko chake nilikizungushia mpira wa baiskeli ili kinenepe. Mtetemo ukapungua. Siku alipomlisha mwanawe bakuli zima bila kumwaga, alilia, nami nikajisifu moyoni.

Mwezi mmoja baada ya kurudi kwake nilimfuata, kama tufanyavyo, kuona jiko lake linamfaa vipi. Nilimkuta uani na jirani yake, amechuchumaa mbele ya karai la mchanga wa dhahabu, viwiko amevibana mbavuni kama nilivyomfundisha, anamimina kutoka kwenye chupa zebaki ya kunasia dhahabu. Halikudondoka hata tone. Mtoto alikuwa mgongoni. Kando yao, katika kikaango juu ya makaa, donge la dhahabu na zebaki lilikuwa likifuka moshi.

"Shikamoo, daktari!" mama akaniamkia.

"Marahaba."

Jirani akacheka. "Mwenzetu siku hizi ana mikono ya bibi harusi. Zamani akimimina, nusu wanakunywa kuku!"

"Kazi hii umeianza lini?" nikamwuliza mama.

"Tangu nimeolewa. Hukuniuliza, daktari."

Nilimweleza kwamba moshi ule wa zebaki ni sumu, ndio uliomtetemesha, na kwamba mjini alipata nafuu kwa kuwa mbali nao zaidi kuliko kwa ustadi wangu. Alinisikiliza kwa adabu, macho yakiwa kwenye kikaango.

"Baba watoto yuko shimoni tangu alfajiri. Akitoka nimwambie daktari amekataza?"

Nikamwomba walau anipe mtoto. Alifungua kanga, akanipa, nami nikatoka naye nje ya ua, mahali moshi usipofika. Nikampa kidole akishike, kama ninavyowapima watoto wote. Alikishika, kikamponyoka, akakishika tena. Kiganja chake kilikuwa kikitetemeka.

Ndani ya ua, mama yake alikuwa ameanza donge la pili.