Nilipogombea Kiti cha Bodi ya Shule Kule Jeddah

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh, matroni alinikuta kando ya kitanda kisicho na mgonjwa, nakunja shuka ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Nilikuwa muuguzi wa miaka mingi, nimetoka hospitali ya mkoa Tanga, lakini asubuhi ile mikono ilikuwa inatafuta tu kitu cha kufanya. Akaniuliza kama naogopa. Nikasema, kidogo. Matroni alikuwa mama wa makamo, mgeni katika nchi ile kama mimi, na alinijibu taratibu: "Vizuri. Muuguzi asiye na wasiwasi ndiye atakayeniulia mgonjwa."

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, mawakala wa ajira walipojaa Dar es Salaam na Nairobi. Ndege iliyonipeleka ilibeba wauguzi wachache na wasichana wengi wa kazi za ndani, wamevalishwa ushungi wa rangi moja ili wakala asiwapoteze uwanjani. Sisi wenye vyeti tulijiona tofauti. Tulipofika tukapangwa foleni ileile, maana sote tulikuwa chini ya kafili, yaani mwajiri anayekudhamini. Bila kafili huna ikama, kile kibali cha ukaazi, na bila ikama huna kazi wala nyumba, wala mtoto wako hana shule. Kafili wangu alikuwa kampuni yenye hospitali mbili, moja Riyadh na nyingine Jeddah.

Nilipangiwa idara ya dharura. Vijana mnaosomea uuguzi siku hizi mnalijua jambo hili darasani, ila nitalieleza kwa wasiolijua: kazi ya muuguzi wa mlangoni ni kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, bila kujali nani ametangulia kufika. Anayepiga kelele mara nyingi anaweza kungoja. Aliyenyamaza ndiye wa kumkimbilia. Kila zamu ilianza kwa makabidhiano, kitanda hadi kitanda, kisha kukagua toroli la dharura, lile lenye dawa na vifaa vya kumrudisha mtu aliyekata pumzi. Na kabla ya kumchoma mgonjwa sindano ulimuuliza jina, ukalilinganisha na utepe wa mkononi, hata kama ulimuuliza saa moja iliyopita. Wagonjwa walituita "braza" sisi wanaume, na wenzetu wa kike "sista". Ijumaa nikiwa sina zamu nilikwenda mtaa wa masoko wa Batha kutafuta unga wa sembe na dagaa, na kusikia Kiswahili.

Baada ya mkataba wa kwanza nikahamishiwa Jeddah, na huko nikaruhusiwa kuleta familia. Mke wangu Mwanaidi akaja na watoto wetu wawili. Tukapanga ghorofa ya tatu mtaa wa Bani Malik, na watoto tukawaandikisha katika shule ya jumuiya, yaani shule ya watoto wa wageni inayosomesha kwa Kiingereza. Wazazi wengi walitoka Asia na nchi za Kiarabu. Waafrika tulikuwa wa kuhesabika.

Bosi wangu Jeddah alikuwa Mkuu wa Idara ya Dharura, daktari bingwa. Naye alikuwa mgeni wa mkataba, ila wa cheo. Alikuwa mrefu, msafi, hapandishi sauti. Sijapata kufanya kazi na daktari mwenye mikono mizuri kuliko yake. Watoto wake walisoma shule moja na wangu, na yeye ndiye aliyeshika kiti cha wazazi wa shule ya msingi katika bodi.

Adhuhuri moja ya joto kali, dereva wa basi la shule aliingia mbio amembeba mtoto wa kike. Asubuhi alishusha watoto shuleni, akaliegesha basi juani, akaenda zake. Huyu mmoja alikuwa amelala kiti cha nyuma. Aliporudi kuchukua basi ndipo akamwona. Mtoto hakuwa akilia. Ngozi ilikuwa kavu, inaunguza kama chungu kilichoepuliwa, na macho yamepinda juu. Nikamjua: Achieng, binti wa Odhiambo, mhandisi wa umeme kutoka Kisumu. Aliwahi kula wali nyumbani kwangu.

Mtu aliyepigwa na joto kiasi kile hafi kwa kukosa dawa, anakufa kwa kucheleweshwa kupozwa. Tulimvua nguo, tukamlowesha maji mwili mzima, tukawasha feni mbili, tukafunga barafu kwenye vitambaa na kuiweka kwapani, shingoni na kwenye kinena. Mimi nilitafuta mshipa wa dripu kwenye kamkono kale huku degedege linamtikisa. Mkuu wa Idara alisimama kichwani pake mwanzo hadi mwisho. Hakuondoka hata kunywa maji. Alasiri mtoto akafumbua macho, akamwita mama yake. Mkuu akageuka ukutani kidogo, kisha akaenda kumwambia baba. Nayasema haya mapema kwa sababu, pamoja na yote yaliyofuata, huyu ndiye aliyemponya Achieng. Mimi nilikuwa msaidizi wake.

Dereva alifukuzwa siku ileile. Wiki ile nilisubiri shule itoe tangazo, ikanyamaza. Nikamfuata Mkuu ofisini kwake, nikamuuliza bodi imeamua nini.

"Dereva ameshaondoka," akasema. "Halas, yamekwisha. Unataka nini zaidi?"

"Nataka mtu wa pili ndani ya basi, daktari. Dereva macho yake yako barabarani."

Akaniambia mtu wa pili katika kila basi maana yake ni ada kupanda, na wazazi wengi hawataki kusikia. Kisha akaongeza, bila ukali, kwamba hayo ni mambo ya bodi, na bodi huchaguliwa na wazazi. Muda wake ulikuwa unamalizika. Uchaguzi ulikuwa mwezi unaofuata.

Nilimwendea Odhiambo nikidhani yeye ndiye atakayesimama, nami nimuunge mkono. Alinisikiliza akitazama sakafu. "Ndugu yangu, mimi siwezi," akasema. "Mkataba wangu uko mezani kwa bosi. Nikianza kelele watanirudisha nyumbani, na mtoto bado anahitaji daktari." Sikumlaumu. Nilirudi nyumbani, nikamweleza Mwanaidi kwamba nafikiria kugombea mimi.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. "Huyo unayetaka kumng'oa," akaniuliza, "si ndiye anayekutilia saini tathmini yako ya mwaka?"

Ndiye. Na tathmini ndiyo iliyoamua kama mkataba utaendelea. Kanuni za shule zilimtaka mgombea awe na mtoto pale, ikama hai, na ridhaa ya kafili wake. Nikaenda kwa Afisa Utumishi wa kampuni, kijana mpole wa palepale Jeddah. Akaniambia mafi mushkila, hakuna tatizo, shule ni shule. Nilipofika mlangoni akaniita tena. "Lakini, braza," akasema, "kumbuka kilichokuleta hapa." Akanipa ridhaa. Maneno yale ya mlangoni ndiyo niliyolala nayo.

Sijapata kuishi na hofu kama mwezi ule. Zamuni niliangalia utepe wa mgonjwa mara tatu badala ya mara moja. Sikujua kama kwenda nyumba kwa nyumba kuomba kura kutahesabiwa ni mkusanyiko usioruhusiwa, basi tukawa tunakwenda kama wageni wa kawaida, mimi na Mwanaidi na sahani ya vitumbua. Mimi nilikaa sebuleni na akina baba, yeye akaingia ndani kwa akina mama. Wengi waliponifungulia walidhani mimi ni dereva aliyepotea nyumba. Nilieleza kwamba mimi ni muuguzi, natoka Tanzania, nagombea bodi. Wengine waliuliza Tanzania iko wapi. Mmoja aliniuliza kwa adabu kabisa kama sioni ni kumkosea daktari heshima. Nilimwambia naliona hilo, na linanisumbua.

Mkuu mwenyewe hakubadilika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Angenigombeza ningejua nilipo. Siku moja tuliletewa mtu mzima ambaye moyo wake ulikuwa umesimama. Tukafanya naye kazi kwa zamu, mimi nabonyeza kifua, yeye anatoa amri kwa sauti ileile ya chini, mpaka mapigo yakarudi. Tulipokuwa tunanawa mikono, akaniuliza akitazama bomba: "Bado unagombea?"

"Bado, daktari."

"Basi na tuone," akasema, akafunga maji.

Jioni ya uchaguzi wazazi walikusanyika ukumbi wa shule baada ya swala ya alasiri. Kila familia ilikuwa na kura moja, baba au mama. Mkuu alizungumza kwanza, akaeleza maabara mpya na matokeo ya mitihani, vitu ambavyo kweli alivipigania. Mimi nilisimama koti limenilowa mgongoni. Nikasimulia jinsi mwili wa mtoto unavyopata joto haraka kuliko wa mtu mzima, na jinsi basi lililofungwa linavyogeuka tanuri. Sikumtaja Achieng, kwa kuwa baba yake aliniomba nisimtaje. Odhiambo alikuwa amekaa safu ya mwisho, karibu na mlango.

Mzazi mmoja, mfanyabiashara wa vitambaa kule Balad, mji mkongwe wa Jeddah, akasimama. "Wewe mkataba wako unaisha lini?" akauliza. Watu wakacheka. Kisha kicheko kikafa chenyewe, kwa sababu hapakuwa na mtu mle ndani asiye na mkataba.

Nikamjibu: "Sijui kama nitakuwepo mwakani. Wala wewe hujui. Ndiyo maana nataka jambo hili liingie kwenye kanuni za shule, ili likae hata sisi tukiondoka."

Nilishinda kwa kura chache. Nilipowaza baadaye niliona kwamba ushindi ule ulitoka ndani, kwenye vyumba alivyoingia Mwanaidi, maana foleni ya kura ilijaa akina mama. Mkuu alikuja kunishika mkono mbele ya watu. Mkono wake ulikuwa mkavu, wangu ulikuwa maji matupu. Odhiambo sikumwona, alishatoka.

Wiki chache tu baadaye Afisa Utumishi akaniita. Mkataba wangu umeendelezwa, akasema, hongera. Hospitali ya Riyadh inahitaji muuguzi mzoefu wa kusimamia zamu, na mimi nimependekezwa. Nikauliza nani kanipendekeza. Akanionyesha tathmini yangu. Mkuu alikuwa ameniandikia sifa ambazo hakuna bosi aliyewahi kuniandikia, na chini kabisa akasema kwamba mtu huyu anastahili mahali pakubwa zaidi kuliko hapa.

Ukihama mji, mtoto anahama shule, na mtoto akihama shule kiti kinakwisha. Kulikuwa na kikao kimoja tu cha bodi kabla sijaondoka. Mwenyekiti, mzee mhasibu, alipendekeza suala la mabasi lijadiliwe kikao kijacho. Nikamwambia kikao kijacho sitakuwepo. Akanitazama juu ya miwani, kisha akawauliza wajumbe kama wangependa tupige kura leo. Tukapiga. Ikapita kwamba kila basi litakuwa na mhudumu, na dereva hatafunga mlango kabla hajatembea mpaka kiti cha mwisho. Ada ikapanda, na wapo wazazi walionilaumu kwa hilo mpaka siku tunafungasha.

Riyadh hatukupata nafasi ya shule katikati ya mwaka. Mwanaidi na watoto wakarudi Tanga, mimi nikaenda kukaa bweni la watumishi, chumba kimoja na wanaume watatu. Miaka niliyobaki kazini niliishi hivyo, nawaona wanangu wakikua kwenye simu. Binti yangu alikuwa na hasira nami kwa muda mrefu, kwamba nilimtoa shule aliyoipenda kwa ajili ya mtoto wa watu.

Vijana wananiuliza, yule daktari alikufukuza kwa ujanja au alikusifu kwa dhati? Nimelipima hilo kwa kila njia. Nilimwona akigeuka ukutani siku ile mtoto alipofumbua macho, na mtu wa namna ile siwezi kumwita mbaya. Lakini pia nilimwona akifunga bomba. Yawezekana yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Sijui, na nimeacha kuuliza. Ninalowaambia wanaokwenda ughaibuni kufanya kazi ni hili tu: hofu haitakutoka, usiisubiri itoke. Matroni alisema kweli, inafaa kazini. Ila usiipe cheo ikawa ndiyo bosi wako.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani. Majuzi wazazi wa shule ya msingi ya mtaani kwetu walikuja kuniomba nigombee kamati ya shule, kwa sababu ya choo kinachotaka kubomoka. Nikawaambia wanipe siku mbili. Walipoondoka nilikaa barazani nikijiuliza nimwombe nani ruhusa, nikamtafuta kichwani, kafili, bosi, afisa utumishi, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikagundua hayupo wa kuombwa. Mikono ilikuwa imelowa jasho. Nikaifuta, nikasimama, nikawafuata kabla hawajafika kona, nikawaambia nitagombea.