Yaya Hippolyte na Siku Moja ya Moba

Habari ilifika Jumatano ya pili ya Kwaresima, mwaka 1987, saa moja asubuhi, wakati ninamwosha Mama miguu. Padri Damien wa parokia yetu ya Kalemie aliingia uani mwenyewe, bila kumtuma mtu. Saa ile kwa kawaida huwa kwenye foni ya misheni, ile redio ambayo Kalemie na Kirungu husalimiana nayo kila asubuhi. Nilipomwona tu, mikono yangu ilisimama ndani ya beseni.

“Martine, kaa chini,” alisema.

“Padri, sema tu.”

“Hippolyte ametutoka jana jioni. Alipanda mlima wa Kirungu kwa miguu, akafika mlangoni pa misheni, akaomba maji, akakaa. Hakuinuka tena.”

Mimi nilipiga kelele. Mama hakulia. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini, na miguu yake iliyovimba haikuwa imevuka kizingiti cha nyumba tangu Noeli. Alimtazama Padri kama anayemdai neno jingine, kisha akasema, “Mumulete.”

“Mama,” Padri alijibu, “kule wameshaanza kuchimba kaburi. Wanataka kumzika kesho.”

“Nilimuzaa mimi. Sitazika mutoto wangu kwa foni.”

Barabara ya Moba, bandari iliyo chini ya mlima huo, ilikuwa imekatwa na mvua. Meli ilikuwa iondoke jioni ile ile. Ingefika Moba Alhamisi saa nne asubuhi, na saa tisa alasiri ingegeuza kurudi Kalemie. Baada ya hiyo, hakuna meli nyingine kwa wiki mbili. Kwa hiyo nilikuwa na muda wa kati ya saa nne na saa tisa: kupanda mlima, kumpata kaka yangu, na kumshusha hadi gatini. Kama ningechelewa, Mama asingemwona mwanawe tena.

Mpango wa namna hiyo, kujua mtu anaweza kufanya nini nchi kavu kabla meli haijaondoka, ulikuwa kazi ya Hippolyte mwenyewe.

Kwenye karatasi za serikali aliitwa Mulolwa, kwa sababu miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa maofisini. Nyumbani na kanisani alikuwa Hippolyte, na sisi wadogo zake tulimwita Yaya, yaani mkubwa wetu. Alikuwa karani wa bandari ya Kalemie miaka thelathini na mmoja, kazi yake kuhesabu magunia yanayopanda na yanayoshuka. Hapo gatini aliona jambo ambalo wengine waliliona wakacheka: watu walioachwa. Siku moja mwanamke wa Kiambi alishuka kununua mkate, akarudi akakuta meli imeshajitenga na gati, na mtoto wake mchanga yuko ndani mikononi mwa mtu asiyemjua. Hippolyte alichukua mtumbwi wa wavuvi akamfuata mtoto yule. Alimrudisha. Tangu siku hiyo, kila msafiri wa mtaa wetu alipitia kwanza barazani petu.

“Unashuka wapi?” angeuliza. “Una miguu ya namna gani? Una mtoto mgongoni?”

Kisha angeandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji: toka kwenye ngazi saa fulani, soko liko umbali huu, maji safi kwa masista, askari yuko kona hii, geuka saa fulani hata kama hujamaliza. Kuhusu Kigoma alisema, “Wale wako mbele yetu kwa saa moja. Sogeza mshale wa saa kabla hujasogeza mguu.” Kuhusu mabaharia alisema, “Usiwangoje wakuonyeshe mji. Watakupeleka kwenye bia ya shemeji yao.” Na kila karatasi ilimalizikia kwa maneno yale yale: Meli haina mama.

Hakuandika njia ambayo hakuitembea. Sababu hiyo ndiyo iliyompeleka Kirungu. Wanawake wa Legio, chama cha sala cha parokia yetu, walitaka kuhiji kule mwezi wa tano, kupanda na kushuka ndani ya siku moja ya meli, na walimwomba mpango. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, amestaafu, na kifua chake kilikuwa kinamsumbua.

“Yaya, uliza kijana yeyote wa kule,” nilimwambia.

“Kijana atanipa saa za kijana. Mama Julienne wa Legio ana magoti ya miaka sabini, na atabeba kikapu.”

Akaondoka kwa lori, kabla mvua haijakata barabara, na kikapu kitupu. Nilisikia baadaye kwamba alikijaza mawe pale Moba bandarini, akapanda nacho kichwani, polepole, akisimama kila mahali ambapo Mama Julienne angesimama. Mungu anisamehe, nilipoambiwa hayo nilimkasirikia.

Mimi nami nilifanya mpango wangu ndani ya meli. Yaya alikuwa ameacha nyumbani karatasi ya kwanza, ya makisio: kupanda muda wa saa mbili, kushuka dakika hamsini. Nikahesabu. Nafika juu saa sita. Naondoka saa saba. Saa nane niko chini, na nina saa nzima ya akiba. Nilisali rozari nzima juu ya hesabu hiyo, na ilionekana nzuri.

Moba bandarini niliuliza gari. Lori la misheni lilikuwa limekwenda Pepa kuchukua ng’ombe. Nikapanda kwa miguu. Sikusimama. Saa sita na robo nilikuwa Kirungu, nguo zimenata mwilini, na pale juu baridi ilikuwa kali kama ya asubuhi.

Alikuwa amelazwa kwenye chumba kidogo cha zahanati, ndani ya jeneza la mbao mbichi. Mlangoni alikaa Mjomba Gaspard, mdogo wake Mama, fimbo kati ya magoti. Kwetu sisi Watabwa mtu ni wa ukoo wa mama yake, na anapokufa, mjomba ndiye mwenye neno juu ya mwili. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto. Kwenye hesabu zangu sikuliwekea hata dakika moja.

“Kaburi liko tayari,” alisema, kabla sijamsalimu. “Padri wa hapa anatungoja.”

“Mjomba, Mama ameomba tumpeleke Kalemie.”

“Mutu wetu hasafirishwi kama gunia la mihogo.”

“Mama anataka kumwona.”

“Kama anataka, mbona hakuja?”

“Miguu yake imekufa, Mjomba.”

Wazee waliokaa naye walianza kuzungumza juu ya heshima, juu ya mababu waliolala kwenye mlima ule, kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja alianza tangu mwanzo. Nilipiga magoti nikasikiliza. Huwezi kumkata mzee maneno mbele ya maiti. Saa ya ukutani pa zahanati ilisoma saa saba kasoro kumi. Kisha saa saba na dakika tano.

Mwishowe Mjomba aliuliza, “Dada yangu alisema nini? Sema kama alivyosema. Usinyooshe.”

“Alisema, ‘Nilimuzaa mimi. Sitazika mutoto wangu kwa foni.’”

Mzee alicheka, machozi yakamtoka hapo hapo. “Huyo njo yeye, yeye mwenyewe. Tangu utoto, mdomo kama shoka.” Akasimama. “Sawa. Lakini kijana wetu hasafiri peke yake. Nitamukabizi mimi, mukono kwa mukono.”

Nilidhani tumemaliza. Bado lilikuwepo kaburi. Kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, litaita mtu mwingine. Ilibidi wanaume wakate mgomba, waulaze mle ndani, waufukie kama mtu, na Mjomba aseme maneno yake. Nilisimama pembeni nikihesabu dakika. Tuliondoka Kirungu saa saba na dakika arobaini, wanaume wanane kwenye machela, Mjomba mbele na fimbo yake.

Dakika hamsini, nilijisemea. Tutafika saa nane na nusu.

Lakini dakika hamsini zilikuwa za mtu asiyebeba jeneza. Kwenye nyumba za kwanza mwanamke mmoja alitoka akasimama katikati ya njia, mikono kichwani.

“Mutue. Huyu hapiti hapa bila kuimbiwa. Alinipangia njia ya kwenda Uvira kumuzika mume wangu.”

Wakatua. Wakaimba wimbo mzima. Tukanyanyua. Kwenye kijito walitoka wengine, mzee mmoja na binti zake: Yaya aliwaonyesha nyumba ya masista kule Kigoma. Wakatua tena. Mbele kidogo, wengine. Sikujua kwamba karatasi za Yaya zilikuwa zimefika nyumba nyingi namna ile. Kila aliyewahi kurudi salama kwenye meli kwa mpango wake alitaka kumshika kidogo, na kila aliyemshika alimchelewesha.

Kwenye kona ambapo ziwa linaonekana, meli ilikuwa chini kabisa, ndogo kama kiberiti. Honi ya kwanza ikalia. Saa nane na nusu, na hatukuwa tumefika hata nusu ya mteremko.

Watu wengine walikuwa wanakuja wakipanga mstari. Nikawafokea. “Tokeni njiani! Munataka Mama afe bila kumuona?” Nilifoka mbele ya maiti ya kaka yangu, kwa watu waliokuja kumlilia. Wimbo ulikatika. Mjomba alinitazama.

Kati ya watu wale alikuwepo Mama Kapinga, mwanamke mnene anayenunua maharage mlimani na kuyapeleka Kalemie kwa kila meli. Alinijia akanishika bega.

“Weye chunga maiti,” alisema. “Mimi nitachunga meli.”

Akavua viatu, akajifunga kitenge upya, akateremka mbio. Walioimba sasa wakaja kwenye machela. Hawakutuambia tutue tena. Walipokezana na wabebaji bila kusimamisha mwendo, mabega mapya yakiingia chini ya mti wa machela kabla ya mabega ya zamani kutoka, na wimbo ukaendelea kwa mwendo wa miguu. Honi ya pili ilitukuta kwenye mashamba ya mihogo. Ya tatu ndiyo ya kuvuta ngazi. Nilisali Salamu Maria, kila hatua neno moja.

Yaliyotokea gatini niliyasikia baadaye kwa mabaharia. Mama Kapinga alifika, akaanza kupakia magunia yake ishirini, moja moja. Gunia la mwisho aliliweka katikati ya ngazi akalikalia.

“Mama, toka kwenye ngazi,” alisema kapiteni, jina lake Edouard.

“Kapiteni, ninahesabu magunia.”

“Ni ishirini. Hata mimi nimeyaona.”

“Hippolyte alitufundisha kuhesabu mara mbili.”

“Hippolyte gani?”

“Yule wa gati la Kalemie. Huyo njo anateremka pale.”

Kapiteni akatazama mlimani, akaona watu. “Meli haingoji maiti, Mama. Mabaharia hawapendi.”

“Miaka thelathini na mmoja yule mutu alikuletea abiria kwa wakati. Umuhesabie dakika zake sasa, au hukuziandika?”

Mabaharia walicheka. Kapiteni hakucheka. Aligeuka akamwita fundi wa mashine. “Kagua mafuta ya injini,” alisema. “Kagua vizuri.”

Tuliingia gatini saa tisa na dakika kumi na nane. Honi ya tatu haikuwa imelia. Jeneza lilipandishwa nyuma, karibu na kamba, likafunikwa turubai. Mjomba Gaspard alisimama chini ya ngazi. Katika miaka yake yote hakuwahi kupanda meli.

“Martine, haya maji yanafika wapi?”

“Kwa dada yako, Mjomba.”

Akashika ubao wa jeneza akapanda. Hakuuachia mpaka Kalemie.

Tulifika Ijumaa alfajiri. Mfuniko ulikuwa haujapigwa misumari. Mama alikuwa ameketishwa kwenye kiti mlangoni, amevaa nguo zake za Pasaka. Mjomba alimshika mkono akauweka kwenye paji la uso la Hippolyte, akasema, “Dada, mutoto wako huyu. Nimemufikisha.” Mama alimpapasa uso, masikio, mabega. Alizungumza naye kwa Kitabwa kwa sauti ndogo, na sisi tukatoka nje. Baada ya muda alituita, akasema wapige misumari.

Misa ilikuwa saa nne. Padri Damien hakuhubiri sana. Wanawake wa Legio waliimba, Mama Julienne akiwa mbele. Wafanyakazi sita wa bandari walimbeba Yaya hadi makaburini, na wanne wengine walimbeba Mama na kiti chake. Jeneza walilishusha kaburini kwa kamba. Mjomba alitupa udongo wa kwanza, kisha Mama, kisha mimi. Wanaume walifukia kwa sepetu hadi udongo ulipojaa, wakaupiga kwa mgongo wa sepetu, wakasimamisha msalaba wa mbao wenye jina lake la ubatizo. Padri alinyunyiza maji ya baraka. Tulisali Baba Yetu. Mama aliomba kukaa kidogo zaidi, tukakaa naye, kisha tukamwinua tukarudi nyumbani.