Mwalimu Mukhwana kwenye Benchi la Wageni

Mwalimu Mukhwana ana ugonjwa mmoja usiotibika kwa sindano: anapenda wageni. Si wale wa kubisha hodi na kuandaliwa chai. Anapenda wa vitabuni, yule anayesimama dirishani akitazama wenzake wakicheza ngoma asijue aingie vipi, au msomi aliyerudi kijijini akakuta hata uji wa mamake haupiti kooni. Amefundisha fasihi katika shule moja karibu na Endebess tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kila mwaka, darasa likifika kwenye riwaya, huchora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja huandika "aliyefungiwa mlango", upande wa pili "aliyejifungia", kisha huuliza ni nani kati ya hao wawili mwenye uchungu zaidi.

Jibu lake mwenyewe halijawahi kubadilika. Aliyefungiwa ndiye wa kuhurumiwa, huyo mwingine ana maringo tu. Mwanafunzi mmoja, Jelimo, aliwahi kuandika kwamba huenda aliyefungiwa hakusukuma mlango hata kidogo. Jelimo alipewa alama za kusikitisha, na Mwalimu akaenda nyumbani, akanuna siku nzima.

Alinuna kwa sababu upande huo wa aliyefungiwa alikuwa amejiweka yeye mwenyewe. Ni Mbukusu wa Bokoli aliyekuja kufundisha kati ya watu wa kabila jingine, chini ya Mlima Elgon, akiwa kijana, akanunua shamba, akalea watoto watatu, lakini moyoni hakuwahi kutua mzigo. Sasa anastaafu mwezi wa Desemba, na ameamua kuuza nyumba arudi kwao kuzeekea huko.

"Huku hatujulikani," alimwambia mkewe, Agneta.

"Hatujulikani na nani?" Agneta aliuliza huku akijifunga kitambaa kichwani. Jirani yao Jepchumba alikuwa amemwita mara ya pili aende kuchambua mboga.

Ushahidi wa Mwalimu ulikuwa kuku. Akienda Bokoli, mdogo wake Nyongesa huchinja jogoo. Kiti chenye kitambaa cha kufuma huwekwa sebuleni, na firigisi huletwa mbele yake kwenye kisahani chake peke yake. Hapa kwa Kipketer, mume wa Jepchumba, yeye hupewa kikombe kisicho na mkono na kuambiwa ajimiminie chai mwenyewe, birika liko pale. Mwalimu alilinganisha mapokezi hayo mawili kama anavyolinganisha wahusika wake, akatoa alama, na Endebess ikaanguka mtihani.

Kisha ikaja koito ya Chepkemei, binti wa Kipketer, yaani siku ambayo watu wa mvulana huja rasmi kumwomba msichana. Kipketer alimwambia kutoka upande wa pili wa ua, huku akikamua ng'ombe, "Jumamosi usikose, bana." Basi. Hakuna kadi, hakuna mjumbe. Mwalimu aliumia. Alimwambia Agneta kwamba amealikwa kama mtu anayeambiwa mvua itanyesha.

Hata hivyo alivaa koti lake la kijivu, akaenda. Agneta alikuwa ametangulia alfajiri. Langoni Mwalimu alikuta kikundi cha watu nadhifu wamesimama, wakisubiri wakaribishwe. Ni ukoo wa bwana harusi, kutoka Moi's Bridge. Yeye angeweza kupita tu, lango analijua, hata komeo lake alilitengeneza yeye. Lakini mtu ambaye hajakaribishwa haingii, ndivyo alivyoamini, kwa hiyo akasimama nao. Wimbo wa kuwapokea ulipoanza aliingia nao, na walipoketishwa kwenye benchi refu la wageni aliketi nyuma kabisa, amefichwa na mabega ya mjomba mmoja mnene.

"Wewe ni wa ukoo gani?" mjomba alimnong'oneza.

Mwalimu, akifurahi kwamba hatimaye kuna aliyemjali, alimtajia ukoo wake wa Kibukusu. Mjomba alimtazama sana, kisha akamtazama bwana harusi, kama mtu anayejiuliza huyu shemeji katoka wapi.

Upande wa pili wa sebule waliketi wenyeji, na katikati yao kulikuwa na kiti kitupu. Mazungumzo hayakuanza. Kipketer alisimama, akakohoa.

"Mtusamehe," alisema. "Kuna mtu wetu mmoja bado hajafika. Huyo ndiye atatuongelea. Hatuwezi kuanza bila yeye."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alimwambia mjomba kwamba watu wengine hawana adabu, wanachelewesha shughuli ya maana kama hii.

Hapo ndipo Agneta alipoingia na sinia la vikombe. Akaona koti la kijivu nyuma ya mabega. Vikombe vikagongana.

"Baba Derrick! Unafanya nini hapo na wageni?"

Sebule nzima iligeuka. Kipketer alishika kiuno.

"Mukhwana! Kwani wewe ni wa upande gani? Sisi tunakungoja kutoka asubuhi, hata viti hujakuja kupanga! Kuja hapa, bana."

Kicheko kilichopigwa kilisikika hadi barabarani, na mjomba mnene ndiye aliyecheka zaidi. Mwalimu alivuka sebule uso ukimwaka moto. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona furaha kubwa kiasi kwamba alipoketi kwenye kile kiti, maneno ya ufunguzi yalimtoka kwa shida. Aliongea vizuri baadaye. Jioni hakuna aliyemshukuru, aliambiwa tu achukue sufuria kubwa akaisugue kwake, maji ya hapa yameisha.

Kesho yake, baada ya kanisa, alimpigia simu Nyongesa.

"Ndugu yangu, unakuja lini kuonyeshwa pa kujenga?" Nyongesa aliuliza. "Nimwambie mama afunge jogoo?"

"Jogoo muache," alisema Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Nikija mara hii, mnipe jembe. Ama nichote maji. Kazi yoyote tu."

Nyongesa alicheka kwa upendo wote alionao.

"Kazi gani tena, Mwalimu? Wewe ni mgeni wetu."

Mwalimu Mukhwana alikaa na simu sikioni hata baada ya kukatika. Neno hilo lilimuuma, tena lilimuuma sana, kwa sababu nduguye hakuwa na ubaya wowote. Alikumbuka mstari wake wa ubaoni, akamkumbuka Jelimo na zile alama.

"Baba Derrick!" Agneta aliita kutoka jikoni. "Kipketer ako langoni. Anauliza sufuria yake, na anasema amechoka kungojea."

"Mwambie aingie ajichukulie," alijibu Mwalimu. "Yeye si mgeni."