Mama mkwe alidhani mimi ni fundi

Leo mama mkwe amenisengenya kwangu mwenyewe. 🙈

Nilikuwa uani, chini ya gari langu la spoti, nimevaa ovaroli ya mume wangu. Napima kama turbo niliyonunua kuongeza nguvu ya injini itakaa vizuri karibu na ekzosi, maana nataka kuifunga kwa mikono yangu.

Mara nikaona miguu.

"Fundi, za kazi? Mkwe wangu yupo?"

Kabla sijajibu, akaendelea:

"Binti mzuri, sina neno naye. Ila gari la viti viwili! Si ndiyo kusema mimi nisipande?"

Jamani! Nikatambaa nikatoka, uso mzima oili.

"Shikamoo mama."

Badala ya kuitikia marahaba, aliinama akanikagua uso.

"Mama, kiti cha pili ni chako."

"Na mwanangu je?"

"Atapanda bodaboda."

Alicheka mpaka akaegemea boneti.

Sasa hivi amejifunga khanga kiunoni, ananimulikia tochi, anauliza turbo ikishafungwa tutapanda mlima hadi kwake Mgeta kwa muda gani.

Mume wangu bado yuko kazini, hajui lolote.

Nani amwambie? 😂