Ufunguo Mkononi mwa Baba

Juzi hapa Malaba nilimwona fundi akifungua switchi ya gari kwa ufunguo na kuifunga mara kadhaa kabla ya kupiga stata, nikamkumbuka Baba.

Mchana mmoja nikiwa mdogo, gari letu lilikuwa limetoka kuwekewa pampu mpya ya petroli. Lilinuka petroli na likakataa kuwaka. Kwenye kiti cha nyuma, Mama alikuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua. Baba alifungua switchi, pampu ikavuma kidogo, akafunga. Akarudia. Nikadhani hataki twende hospitali.

"Baba Nekesa, si uwashe tu!" Mama alilia.

"Baba, unaogopa?" nikamuuliza.

"Nyamaza, Nekesa, nisikie pampu."

Mara ya nne akapiga stata, likawaka, tukafika hospitali kabla mtoto hajatoka. Leo najua alikuwa akijaza petroli kwa paipu zilizoingiwa na hewa. Lakini aliogopa kweli, na hapo sikukosea.