Bi Jalada na Majalada Elfu Nne Yanayosubiri Moto

Habari ya muswada wa kuivunja Idara ya Misaada na kuimeza ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje uliiona gazetini. Ukafungua ukurasa wa michezo. Usikatae.

Saa mbili asubuhi, wewe ukitafuta matokeo ya mechi, karani wa masjala ya Idara hiyo wanayemwita Bi Jalada anavuta kiti, anafungua jalada la kisima kilichochimbwa kwa msaada miaka kumi na minane iliyopita, na kumpigia simu mlinzi wa pampu.

"Shikamoo, baba. Bado inatoa?"

Inatoa, ila mpini umelegea. Anaandika hivyo ndani ya gamba la jalada, chini ya mistari kumi na saba ya miaka iliyotangulia.

Hakuna waraka unaomwagiza. Alifundishwa na bosi wake wa kwanza, marehemu sasa, aliyekuwa akisema mradi hauishi siku ya kukata utepe. Siku hizo masjala ilikuwa na makarani sita, chai haipoi, na waziri mwenyewe akishuka ngazi kuulizia jalada.

"Leo tumebaki mimi na tarishi," anasema, "na tarishi mwenyewe kazi yake kusinzia."

"Nakusikia, dada," tarishi anajibu kutoka kwenye benchi. "Napumzisha macho tu."

Kifungu cha kumi na tisa cha muswada kinataka majalada ya miradi iliyokwisha yateketezwe kabla ya kuhama. Yako elfu nne na mia mbili.

Wabunge wamesahau. Idara hii ilishapanguliwa miaka ishirini na miwili iliyopita, majalada yakatupwa uani, mvua ikayamaliza, kisha Idara ikaundwa upya. Mwaka uliofuata, wafadhili wapya wakachimba kisima palepale ambapo cha kwanza kilitoa maji ya chumvi. Kikatoa chumvi tena.

Bibi mmoja wa kijiji hicho alipiga simu masjala. "Mwanangu, kwani hamkuandika?"

"Tuliandika," anasema Bi Jalada leo, sauti ikishuka. "Nilishindwa kumwambia tumeyatupa."

Anastaafu mwisho wa mwaka. Anataka kitu kimoja tu: kumkabidhi karani mpya chumba kikiwa kimejaa.

Kamati ya Bunge inapokea maoni ya wananchi hadi Ijumaa, saa kumi jioni. Chukua karatasi sasa hivi. Andika jina lako, unakoishi, na sentensi moja: kifungu cha kumi na tisa kifutwe. Ipeleke mwenyewe ofisi ya Kamati, igongwe muhuri mbele ya macho yako, ubaki na nakala. Wakikuambia hawakuipokea, waonyeshe tarehe.